Kununua deni la kiwanja kwa fedha ya mkopo: faida iko wapi, hatari iko wapi

Ukitoka Igoma kufuata barabara ya Musoma hadi Kisesa, au ukikata kuelekea Kishiri, unaona mji wa Mwanza unavyozidi kusogea. Palipokuwa na mashamba sasa pana misingi ya nyumba. Si kila anayenunua kiwanja ana uwezo wa kulipa bei yote kwa mkupuo. Wengi hukubaliana na muuzaji: kianzio leo, kinachobaki kidogo kidogo kila mwezi.

Mauziano ya namna hiyo huacha kitu kingine ambacho nacho kinaweza kuuzwa. Kitu hicho ni deni lenyewe.

Hutokea hivi. Mwenye kiwanja bado anadai, lakini ada ya shule imefika, au kuna mgonjwa amelazwa, au amepata ng'ombe wa bei nzuri mnadani na hana fedha mkononi. Hawezi kusubiri mwaka mzima. Anatafuta mtu ampe fedha taslimu sasa, na mtu huyo ndiye aendelee kupokea marejesho ya kila mwezi. Kwa kuwa anataka fedha haraka, anakubali kupokea pungufu ya anachodai. Pungufu hiyo ndiyo faida ya anayenunua deni.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo inavyofanya kazi, na hasa swali ambalo wasikilizaji wengi hujiuliza: kama sina fedha yote, je, nikope ili ninunue deni hilo?

Watu watatu katika biashara moja

Ili tusichanganyikiwe, tuwatambue wahusika mapema.

Wa kwanza ni mdai, yaani aliyeuza kiwanja na hajalipwa chote. Wa pili ni mdaiwa, aliyenunua kiwanja na anaendelea kulipa. Wa tatu ni mnunuzi wa deni, yaani wewe unayefikiria kuingiza fedha yako.

Ukikopa, anaongezeka wa nne: aliyekukopesha. Huyu hamjui mdaiwa wala hakuona kiwanja. Anakujua wewe, dhamana yako na wadhamini wako. Mkumbuke huyu wa nne, maana ndiye anayebadilisha hesabu yote.

Unanunua nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anasema, "Nimenunua kiwanja cha Kishiri kwa bei ya chini." Hapana. Amenunua ahadi ya mtu mwingine ya kulipa. Kiwanja ni dhamana tu ya ahadi hiyo, tena kama kimeandikwa kuwa dhamana.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba rehani ni dhamana ya deni, haihamishi umiliki wa ardhi. Kwa hiyo hata kama mkataba umeandikwa "asipolipa, kiwanja ni changu", maneno hayo peke yake hayakupi kiwanja siku mdaiwa akishindwa. Kuna taratibu za kufuata, na tutazifikia.

Pia angalia deni lenyewe ni la aina gani. Kuna mauziano ambayo kiwanja kimeshahamia kwa mnunuzi, naye amekiweka rehani kwa muuzaji mpaka amalize kulipa. Na kuna mauziano ambayo muuzaji anabaki na karatasi zote kwa jina lake, atazikabidhi malipo yakiisha. Aina hii ya pili ndiyo ya kawaida kwenye viwanja vya malipo ya kidogo kidogo, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Ukinunua deni tu, karatasi za kiwanja zinabaki kwa jina la yule yule aliyekuuzia deni. Akifariki, warithi wake wanaweza kudai kiwanja. Akiwa si mwaminifu, anaweza kukiuza tena. Wewe utabaki na haki ya kudai fedha, bila kitu cha kushika.

Tupige hesabu

Takwimu hizi ni za mfano, lakini zitakusaidia kupima deni lolote utakaloletewa.

Kiwanja kimeuzwa shilingi 6,000,000. Mdaiwa alitoa kianzio cha 2,000,000. Zilizobaki 4,000,000 anazilipa 200,000 kila mwezi kwa miezi 20. Ameshalipa miezi 4. Zimebaki 3,200,000, yaani miezi 16.

Mdai anakuambia: nipe 2,600,000 leo, uendelee kupokea wewe.

Anayetaka kununua ni mkulima wa mpunga wa Magu. Akiwa na fedha yote mkononi, atatoa 2,600,000. Ongeza gharama za wakili, ushuru wa stempu, upekuzi na nauli, tuseme 150,000. Jumla ametoa 2,750,000. Baada ya miezi 16 atakuwa amepokea 3,200,000. Faida yake ni 450,000. Kwa kila laki moja aliyotoa, amepata kama 16,000.

Sasa tuseme ana 1,150,000 tu. Milioni moja anaiweka kwenye deni, 150,000 inalipa gharama. Zinazopungua, 1,600,000, anakopa SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kwa miezi 16. Kila mwezi atarejesha 100,000 ya mkopo pamoja na riba. Mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,500, na inashuka hivyo hadi 1,500 mwezi wa mwisho. Riba yote kwa jumla ni 204,000.

Kwa hiyo atapokea 3,200,000 kutoka kwa mdaiwa, na kuirudishia SACCOS 1,804,000. Zitabaki 1,396,000. Toa 1,150,000 zake mwenyewe, faida ni 246,000. Kwa kila laki moja yake, amepata kama 21,000.

Umeona? Faida kwa jumla imepungua, lakini kwa kila shilingi yake mwenyewe imeongezeka. Ndiyo maana mkopo huvutia. Mkopo umemwezesha mtu wa milioni moja kufanya biashara ya milioni mbili na nusu.

Hesabu hii inategemea jambo moja: mdaiwa alipe kila mwezi, miezi yote 16, bila kukosa.

Mdaiwa akisimama kulipa

Tuseme mdaiwa ni dereva wa bodaboda. Analipa vizuri miezi 5, kisha anapata ajali, pikipiki inaharibika, malipo yanasimama.

Kufikia hapo mkulima wetu amepokea 1,000,000 na ameilipa SACCOS 605,000. Ziada ni 395,000. Bado anadaiwa na SACCOS 1,100,000.

SACCOS haitasimama kwa sababu bodaboda imesimama. Mwezi unaofuata inataka 116,500, kisha 115,000, kisha 113,500. Kama ile ziada aliitunza, itamlipia miezi hiyo mitatu na kubaki 50,000. Mwezi wa nne anatakiwa 112,000, na hapo lazima aingie mfukoni. Na kama ziada aliila kila mwezi, akijua ndiyo faida yake, basi mfukoni anaingia tangu mwezi wa kwanza.

Mkulima wa mpunga hapati fedha kila mwezi. Fedha yake huja mara moja, baada ya mavuno. SACCOS inataka kila mwezi. Asipolipa, wadhamini wake wataitwa, na hao ni majirani na ndugu zake.

Mambo yakiwa mabaya kabisa, mdaiwa asilipe tena na kiwanja kikashindikana kuuzwa, mkulima atakuwa ametoa 1,150,000 zake na 1,804,000 za SACCOS, jumla 2,954,000. Amepokea 1,000,000. Hasara ni 1,954,000. Alianza na milioni moja na laki na nusu, ameweza kupoteza karibu milioni mbili. Anayenunua kwa fedha yake hupoteza alichonacho. Anayenunua kwa mkopo anaweza kupoteza hata ambacho bado hajakipata.

Ndiyo maana wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Fedha itoke wapi?

Kama baada ya hesabu hiyo bado unaona deni ni zuri, chanzo cha mkopo ndicho kitakachoamua usalama wako.

SACCOS. Mara nyingi huu ndio mkopo wa riba nafuu kwa mtu wa kijijini. Kiasi unachoweza kupata hutegemea akiba yako, kwa kawaida mara mbili au tatu ya akiba. Eleza ukweli kuhusu matumizi ya mkopo. Ukiandika "kilimo" kisha ukanunua deni, umevunja masharti, na siku ya matatizo hutakuwa na wa kukutetea. Omba pia muda wa marejesho ulingane na muda wa deni, au uzidi kidogo.

Benki. Benki itataka dhamana yake. Wengi huweka nyumba. Jiulize kwa utulivu: je, niko tayari nyumba ninayolala na watoto itegemee mtu nisiyemjua alipe kiwanja chake?

VICOBA. Vikundi hivi ni msaada mkubwa, lakini mikopo yake kwa kawaida ni ya miezi michache, na vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana kila mwaka. Deni la miezi 16 halikai vizuri ndani ya mkopo wa miezi 3. Utajikuta unakopa pengine kulipa hapa.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Hii haina riba, lakini ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya miradi ya vikundi hivyo. Si fedha ya mtu mmoja kununulia deni.

Mikopo ya kausha damu. Hapa usijaribu kabisa. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi juu ya 1,600,000 ni 320,000. Mdaiwa wako analeta 200,000. Umeshapata hasara kabla hujaanza. Hata riba ingekuwa asilimia 10, ni 160,000 kwa mwezi. Kwenye laki mbili unazopokea zinabaki 40,000 za kupunguza mkopo, na miezi 16 itaisha bado unadaiwa.

Mdai mwenyewe. Njia hii watu wengi hawaifikirii, lakini mara nyingi ndiyo bora. Mwambie mdai: nakupa 1,000,000 leo, na 1,600,000 zilizobaki nitakulipa laki moja kila mwezi, kutoka kwenye kila malipo ya mdaiwa yanapoingia. Mdaiwa asipolipa mwezi huo, nami sikulipi mwezi huo.

Kwa mpango huo hukukopa kokote, hakuna mdhamini aliyewekwa, na mdai anabaki na wewe kwenye hatari. Huenda akataka bei iongezeke kidogo, na hiyo ni haki yake. Kama shida yake ni ada ya shilingi laki nane, milioni moja inamtosha kwa leo. Tena, jibu lake litakufundisha jambo. Mdai anayejua kuwa mdaiwa wake ni mlipaji mzuri hataliogopa sana sharti hili. Anayelikataa kwa hasira na kutaka fedha yote leo leo, jiulize anajua nini ambacho wewe hukijui.

Karatasi za kuangalia kabla ya kutoa fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa shilingi yoyote, pitia mambo haya.

Kwanza, mkataba wa mwanzo wa mauziano. Uone ule wenye saini, si nakala ya simu. Mikataba ya kuhamisha haki ya ardhi inatakiwa iwe ya maandishi. Soma bei, kianzio, tarehe za malipo, na kama kuna kifungu kinachozuia deni kuhamishwa bila idhini ya mdaiwa.

Pili, umiliki wa kiwanja. Kama kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa uone hati iko kwa jina la nani na kama ina rehani nyingine. Kama hakina hati, nenda ofisi ya ardhi ya jiji au halmashauri ukiulize kwa namba ya kiwanja na kitalu, uone kama kimepimwa na kimepangiwa matumizi gani. Kiwanja kilichouzwa kama cha makazi, kumbe ni eneo la wazi au njia ya barabara, ni dhamana ya bure. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia kama ushahidi, lakini haichukui nafasi ya upekuzi.

Tatu, ardhi ya kijiji. Ukitoka mjini kwenda vijiji vya Magu au Misungwi, ardhi nyingi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo halmashauri ya kijiji ina sauti katika uhamishaji. Usimalize biashara bila kufika kwa mtendaji wa kijiji.

Nne, mwenza. Kama kiwanja kina nyumba ya familia, rehani yake haina nguvu bila ridhaa ya mume au mke. Ulizia, na uone saini. Mama aliyefichwa leo ndiye atakayesimama mbele ya baraza kesho, na sheria itakuwa upande wake.

Tano, historia ya malipo. Omba stakabadhi au ujumbe wa miamala ya simu wa kila mwezi. Angalia tarehe. Mtu aliyelipa miezi minne lakini kila mara amechelewa wiki tatu si sawa na aliyelipa kwa wakati.

Sita, zungumza na mdaiwa mwenyewe, ana kwa ana, kwenye kiwanja. Muulize anadaiwa kiasi gani na kama ana malalamiko yoyote. Hili ni muhimu kwa sababu malalamiko aliyonayo kwa mdai wa kwanza yanakufuata wewe. Kama aliahidiwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 akakuta ni pungufu, anaweza kugoma kulipa, hata kama wewe hukuhusika.

Baada ya hapo, mwandikieni mkataba wa kuhamisha deni mbele ya wakili, na watu wote watatu watie saini: mdai, mdaiwa na wewe. Mkataba useme kiasi kilichobaki, tarehe za malipo, namba ya simu au akaunti ya kulipia, na nini kinafanyika kwenye karatasi za kiwanja mpaka deni liishe. Kama kiwanja kina hati na kiliwekwa rehani, uhamisho wa rehani usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Chukua mkataba wa mwanzo wenye saini ukae nao, ili deni lile lile lisiuzwe kwa mtu mwingine.

Mdaiwa naye ana haki zake

Sehemu hii ni ya wanunuzi wa madeni, lakini pia ni ya wewe msikilizaji unayelipia kiwanja kidogo kidogo.

Ukisikia kwamba deni lako limeuzwa, usikimbilie kulipa namba mpya uliyotumiwa kwa ujumbe. Subiri taarifa ya maandishi kutoka kwa yule uliyeingia naye mkataba. Ukimlipa mdai wako wa zamani kabla hujapewa taarifa, malipo hayo yanahesabika. Na deni kuuzwa hakubadilishi masharti: bei ni ile ile, tarehe ni zile zile. Mnunuzi wa deni hawezi kukuongezea riba ambayo haikuwamo.

Ukishindwa kulipa, kiwanja kilichowekwa rehani hakichukuliwi usiku mmoja. Mdai anatakiwa akupe taarifa ya maandishi ya kushindwa kulipa, na sheria inatoa siku 60 za kurekebisha kabla ya hatua ya kuuza. Anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Kikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, uuzaji huo unaweza kupingwa. Kinachobaki baada ya deni na gharama kulipwa ni cha mwenye kiwanja.

Sheria ya Ardhi inatambua pia rehani isiyo rasmi, yaani maandishi yaliyoshuhudiwa yanayoweka ardhi kuwa dhamana, au kukabidhi hati kwa mdai ikae kwake. Lakini mwenye dhamana ya aina hiyo hawezi kuuza ardhi bila amri ya mahakama.

Kwa mnunuzi wa deni aliyekopa, haya yote ni muda. Siku 60, kisha mnada au kesi. Katika mfano wetu, ziada iliyotunzwa ilitosha miezi mitatu. Ipime miezi hiyo na safari ya barazani.

Jambo lingine la muda: dai la fedha linalotokana na mkataba linatakiwa lifunguliwe ndani ya miaka 6. Usilale na karatasi sandukuni.

Na ukiona biashara inakunogea, ukaanza kukopesha watu kama kazi, kumbuka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kibiashara awe na leseni.

Wakubwa wanafanyaje?

Biashara hii si ya Igoma tu. Mabenki nayo yana madeni ya nyumba yanayolipwa kwa miaka mingi, nayo huhitaji fedha leo. Mwaka 2010 nchini kwetu ilianzishwa Tanzania Mortgage Refinance Company, kwa kifupi TMRC, inayomilikiwa hasa na mabenki. Kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu kwa dhamana ya mikopo ya nyumba yaliyotoa. Ili kupata fedha hizo, TMRC imeuza hatifungani zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anayenunua hatifungani hiyo anaingiza fedha kwenye madeni ya nyumba, lakini anayeahidi kumlipa ni kampuni, si dereva mmoja wa bodaboda. Asiyetaka kabisa kuhusika na madeni ya nyumba, ana hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000, zinazolipa riba kila baada ya miezi sita.

Wakubwa nao huanguka. Marekani, kampuni ya Lehman Brothers ilikuwa imekopa fedha nyingi mno, sehemu kubwa za muda mfupi, na kuziweka kwenye mali zilizotegemea madeni ya nyumba. Wenye nyumba waliposhindwa kulipa, waliokuwa wameikopesha Lehman hawakusubiri. Tarehe 15 Septemba 2008 kampuni hiyo iliomba kutangazwa kuwa imefilisika, na mtikisiko wake ukafika dunia nzima. Ukiitazama vizuri, ni hesabu ile ile ya mkulima wa Magu, ila yenye sifuri nyingi.

Maswali matano kabla ya kutia saini

1. Mdaiwa akikosa kulipa miezi sita mfululizo, fedha ya kurejesha mkopo wangu nitaitoa wapi? Kama jibu ni "sijui", usikope.

2. Je, kila mwezi nitakachopokea kinazidi nitakachorejesha, na ziada nitaitunza mpaka mwisho?

3. Muda wa mkopo wangu unalingana na muda wa deni ninalonunua?

4. Karatasi za kiwanja ziko kwa nani leo, na mkataba unasema zitakuwa kwa nani kesho?

5. Je, ningekubali kumkopesha mdaiwa huyu moja kwa moja, bila kiwanja? Maana kwa kununua deni lake, hicho ndicho unachofanya.

Kama majibu yote matano ni mazuri, deni linaweza kuwa mahali pazuri pa kuweka fedha. Kama hata moja linakutia shaka, mrudie mdai na pendekezo la kumlipa kidogo kidogo kadiri marejesho yanavyoingia, au mwache atafute mwingine. Na kama una mgogoro wa deni au kiwanja tayari, usisubiri: chukua karatasi zako uende kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kwa wakili, au kwa shirika la msaada wa kisheria lililo karibu nawe, kabla siku za taarifa hazijaisha.